UZI: Vunjo, jimbo ambalo kwa miaka 25 halikumrudisha mbunge wake

Mfereji wa Juu (mwanzisha uzi)

Waungwana wa jukwaa, salaam.

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, jimbo la Vunjo mkoani Kilimanjaro hupewa sifa moja ambayo nimeichoka, nayo ni ukigeugeu. Ushahidi unaotolewa ni wa kweli na sina haja ya kuupinga. Mwaka 1995 Vunjo ilimpeleka bungeni James Mbatia wa NCCR-Mageuzi, na mwaka 2000 ikampeleka Jesse Makundi wa TLP, vyama vyote viwili vya upinzani. Mwaka 2005 kiti kikaenda kwa Aloyce Kimaro wa CCM, chama tawala, mwaka 2010 kikarudi TLP kwa Augustino Lyatonga Mrema mwenyewe, mwaka 2015 Mbatia akarejea kwa tiketi ileile ya NCCR-Mageuzi, na mwaka 2020 akaingia Dkt. Charles Kimei wa CCM. Chaguzi sita zimepita na katika kila moja baada ya ile ya kwanza, chama kilichokuwa na kiti kilikipoteza. Katika miaka hiyo yote hakuna mbunge hata mmoja aliyekitetea kiti hicho akarudi mjengoni moja kwa moja.

Ninachopinga ni tafsiri. Wanaosema kigeugeu huhesabu vyama. Mimi naomba tuhesabu watu, kwa sababu nchi yetu haina mgombea binafsi. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama hicho, na Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ilikataa kuufungua mlango huo, hata kama Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha ilikuja kusema mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Mtikila, kwamba katazo hilo linavunja haki. Matokeo yake ni kwamba mtu akigombana na wenzake ndani ya chama hana budi kutafuta koti jingine la kuvaa, na wapigakura wanaomfuata yeye huandikwa kwenye takwimu kuwa wamehama chama. Kwa macho yangu, Vunjo haikuhama mara nyingi kiasi hicho. Waliohama ni wagombea.

Tuanze na jimbo lenyewe, kwa wasiolifahamu. Wilaya ya Moshi, ukiacha manispaa, ina majimbo mawili: Moshi Vijijini upande wa magharibi na Vunjo upande wa mashariki. Vunjo inaanzia kwenye msitu wa mlima, inateremka kupitia Kirua, Kilema, Marangu, Mamba na Mwika, inapita Himo na kuishia kwenye tambarare za Kahe. Huko juu kila familia ina kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, migomba na kahawa vikiwa pamoja, na vihamba hivyo vimegawanywa kwa watoto kizazi baada ya kizazi hadi vingine havitoshi tena kulisha nyumba moja. Kilema ina misheni ya Kikatoliki tangu mwaka 1890. Walutheri wa Leipzig walifika Mamba mwaka 1894. Kwa hiyo shule zilitangulia sana, na pamoja na shule likaja zoea la watu kusoma, kubishana na kutotishika na cheo cha mtu. Mgombea anayepanda jukwaani Marangu akidhani anahutubia watu wa kuambiwa tu, hujuta kabla ya jioni.

Sasa 1995. Ili kuuelewa uchaguzi ule ni lazima kumwelewa Mrema, ambaye kwao ni Kiraracha, ndani ya eneo hilihili. Aliingia bungeni mwaka 1985 akiwa mbunge wa Moshi Vijijini, akawa Waziri wa Mambo ya Ndani, kisha Naibu Waziri Mkuu, na amri zake za siku saba zikamfanya ajulikane nchi nzima. Mwishoni mwa 1994 alihamishiwa wizara ya kazi na vijana, mapema 1995 akatoka serikalini na kujiunga na NCCR-Mageuzi, chama ambacho hadi hapo kilikuwa cha wanasheria na wanaharakati wa mjini zaidi kuliko cha wakulima. Watu walisukuma gari lake barabarani. Katika kura za urais alipata asilimia 27.8 nchi nzima dhidi ya 61.8 za Benjamin Mkapa, lakini Uchaggani hali ilikuwa kinyume kabisa. Mbatia, kijana aliyetokea kwenye harakati za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliingia bungeni katika wimbi hilo. Simdharau hata kidogo kwa kusema hivyo, maana alithibitisha uwezo wake baadaye. Nasema tu kwamba mwaka ule karatasi ya ubunge ilikuwa mkia wa karatasi ya urais.

Mwaka 1999, baada ya ugomvi mrefu ndani ya NCCR-Mageuzi, Mrema alihamia TLP. Alikuwa mbunge wa Temeke, kiti alichokipata kwenye uchaguzi mdogo wa mwaka 1996, na kwa kuhama akakipoteza, kwa kuwa sheria haimruhusu mbunge kuondoka na kiti chake. Kumbukeni kwamba TLP kabla ya hapo haikuwa na mbunge hata mmoja wa jimbo. Mwaka uliofuata ikapata majimbo manne, yakiwemo Vunjo na Moshi Vijijini, na NCCR-Mageuzi, iliyokuwa na majimbo 16, ikabaki na moja. Mtu akiniambia kwamba wakulima wa Mwika walikaa wakasoma ilani za vyama viwili na kuipenda zaidi ile ya TLP, nitamwomba radhi na kucheka.

Nitaeleza jambo moja nililoliona mwenyewe. Mwaka 2000 nilikuwa wakala wa chama katika kituo kimoja cha Mamba, darasani, kwenye shule ya msingi. Baada ya kufunga kituo tuliunganisha madawati manne, tukawasha karabai, na msimamizi wa kituo akaanza kuinua karatasi moja baada ya nyingine ili mawakala wote tuione kabla ya kuiweka kwenye fungu lake. Nje ilikuwa ikinyesha mvua ya rasharasha ya mlimani, na watu walikuwa wamesimama chini ya michongoma wakikataa kwenda nyumbani. Katikati ya kura za ubunge ikainuliwa karatasi ambayo haikuwa na alama ya vema popote. Pembeni yake, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, mpigakura alikuwa ameandika LYATONGA. Mrema hakuwa kwenye karatasi hiyo, kwa kuwa yeye aligombea urais, na jina lake lilikuwa kwenye karatasi nyingine. Wakala wa TLP alisimama akadai kura hiyo ni ya Makundi kwa sababu nia ya mpigakura iko wazi. Wakala wa CCM akasema nia iliyo wazi ni ya kumchagua mtu ambaye hagombei. Tulibishana hadi karabai ikahitaji kupampiwa upya, kisha msimamizi akaiweka kwenye kura zilizoharibika, na alifanya sawa kisheria. Lakini tangu usiku ule, nikisikia uchambuzi wa Vunjo kwa kigezo cha vyama, huikumbuka karatasi ile.

Kuhusu 2005 na kuendelea nitaeleza baadaye. Naomba kwanza michango.

Hesabu za Himo

Mkuu, uzi mzuri na umeandikwa kwa adabu. Hata hivyo hoja yako inapwaya mahali pawili, na mahali pa kwanza ni huo mwaka 2005 ulioukwepa.

Ikiwa Vunjo humfuata Mrema, kwa nini mwaka 2005 ilimpa kiti Kimaro wa CCM wakati Mrema bado yuko TLP na anagombea urais? Mwaka huo alipata asilimia 0.75 tu nchi nzima. Jakaya Kikwete alipata zaidi ya asilimia 80. Mvuto wa mtu ulikuwa wapi? Nijuavyo mimi, wapigakura walikuwa wamechoka kukaa upande usio na serikali. Wamekaa miaka kumi na upinzani, maji ya bomba yanatoka kwa zamu, bei ya kahawa imeanguka, na wenzao wa majimbo mengine wanapita kwenye lami. Ukisikiliza mazungumzo ya sokoni Himo siku hizo, hakuna aliyekuwa akitaja koti la mtu.

Mahali pa pili ni 2015. Mbatia alirudi na chama kilekile alichoanza nacho. Hapo hakuna mgombea aliyehama. Jimbo ndilo lililohama kutoka TLP. Tena lilihama likimwacha Mrema mwenyewe, mzee wa Kiraracha, nyumbani kwake.

Mfereji wa Juu

Ndugu yangu wa Himo, sikuukwepa, nilikuwa nimechoka kuandika. Hoja zako ni za haki na nitazijibu zote mbili.

Kuhusu 2005, nakubali nusu. Kikwete alikuja na mvuto wa aina yake, na huo nao ni mvuto wa mtu. CCM ileile ambayo Vunjo iliikataa mwaka 1995 na 2000 haikuwa imebadilisha ilani kwa kiasi cha kumgeuza mkulima. Ilichobadilisha ni sura iliyo juu ya bango. Mkoa mzima wa Kilimanjaro ulionyesha hivyo, kwani Hai, Rombo, Moshi Vijijini na Vunjo vyote vilikwenda CCM, na Moshi Mjini pekee ndiyo iliyobaki kwa Philemon Ndesamburo wa CHADEMA. Tena upinzani ulikuwa umesambaratika, na kulikuwa na wagombea urais kumi. Katika mfumo wetu wa anayeongoza kwa kura ndiye mshindi, hata akiwa na theluthi moja, jimbo lenye wapinzani watatu wanaogawana mtaji mmoja humpa kiti yule aliyebaki peke yake upande wa pili.

Nawe umegusa jambo la kahawa, nami nitalikuza kidogo kwa sababu ni kubwa kuliko tunavyolipa nafasi. Soko la kahawa lilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi msimu wa 1994/95, na KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa ulioanzishwa mwaka 1933 na uliokuwa fahari ya wazee wetu, ukapoteza nafasi ya kuwa mnunuzi pekee. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulifanyika msimu uliofuata. Kwa hiyo mkulima alipokea mambo mawili kwa pamoja: uhuru wa kuchagua mbunge na uhuru wa kuchagua mnunuzi. Wote wawili walifika mlangoni na ahadi na mizani yao. Bei ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi waling'oa mibuni na kupanda migomba na mboga. Mbunge aliyekuwepo wakati huo, wa chama chochote, hakuwa na la kufanya kuhusu bei ya dunia, lakini ndiye aliyeulizwa.

Kuhusu 2015, hapo ndipo tunapotofautiana kweli. Mbatia hakurudi kwa nguvu za NCCR-Mageuzi. Mwaka 2010 chama hicho kilipata majimbo manne na yote yalikuwa mkoani Kigoma, huku Mbatia mwenyewe akigombea Kawe, Dar es Salaam, na kushindwa na Halima Mdee. Aliingia bungeni mwaka 2012 kwa kuteuliwa na Rais Kikwete. Kilichomrudisha Vunjo ni UKAWA, umoja uliozaliwa kwenye Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014 pale CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD walipoamua kwenda pamoja na hatimaye kuachiana majimbo. Vunjo iliangukia mikononi mwa NCCR-Mageuzi. TLP haikuwa ndani ya umoja huo, na Mrema alikuwa akimsifu hadharani John Magufuli, mgombea wa CCM. Mpigakura wa upinzani wa Marangu alikuwa na njia moja tu, na mwisho wa njia hiyo alikuwepo Mbatia. Akawa mbunge pekee wa NCCR-Mageuzi wa kuchaguliwa jimboni nchi nzima, kama Mrema alivyokuwa mbunge pekee wa TLP miaka mitano kabla yake. Jimbo moja la vijijini limewahi kuwa nyumba ya mwisho ya vyama viwili tofauti. Hilo nalo lingestahili uzi wake.

Mzee wa Migombani

Vijana, hamjambo. Nimesoma yote, nikamwomba mjukuu anikuzie maandishi.

Mwanangu Mfereji, umeanzia 1995 kana kwamba watu wa Vunjo hawakuwahi kushika karatasi ya kura kabla ya hapo. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliugawa Uchagga katika sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, na kila sehemu ikawa na Mangi Mwitori wake, yaani chifu wa sehemu nzima. Wa kwetu alikuwa Petro Itosi Marealle wa Marangu. Watu hawakuipenda ngazi hiyo mpya, wakataka Mangi mmoja wa Wachagga wote, na chama cha Petro Njau kikaibeba hoja hiyo mgongoni. Mwaka 1951 watu wakapiga kura, na Thomas Marealle, naye wa ukoo wa Marangu, akachaguliwa kuwa Mangi Mkuu. Baba yangu alikuwa akilisimulia kama sikukuu. Hazikupita hata miaka kumi, na mwaka 1960 watu haohao wakapigishwa kura tena kuamua kama wanataka Mangi Mkuu wa kudumu au kiongozi wa kuchaguliwa kwa kipindi. Wakamwangusha yule waliyemwinua kwa shangwe, na Solomon Eliufoo akawa rais wa Wachagga. Baba alipiga kura zote mbili, na zote mbili alikuwa upande wa walioshinda. Nilipomuuliza kama hakuona haya, alinijibu kwamba mtu aliyemchagua mwaka 1951 hakuwa yule aliyemkuta 1960.

Jambo la pili. Mnalaumiana kuhusu kuchagua mtu badala ya chama, lakini ni nani aliyetufundisha? Kuanzia 1965 chama kilikuwa kimoja. Tuliletewa wagombea wawili, wote wa TANU, ilani moja, kampeni ya pamoja kwenye jukwaa moja, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwenzake ya nyumba. Tulikuwa tumebakiwa na kitu gani cha kuchagua isipokuwa mtu mwenyewe: ukoo wake, maneno yake, kama alisaidia kuchimba mfereji au alituma mtu? Tumefanya hivyo hadi 1990. Mkaja na vyama vingi mwaka 1992, tukaendelea na kazi tuliyoizoea.

Mfereji wa Juu

Shikamoo mzee. Umenipa kitu ambacho nilipaswa kuanza nacho, na nakiri kwamba uzi wangu ulikuwa umekatwa miguu. Hoja ya jembe na nyumba ndiyo ninayoiona nzito zaidi katika yote yaliyosemwa hapa. Mwaka 1965 mawaziri kadhaa walianguka kwa utaratibu huo, akiwemo Paul Bomani kule Mwanza, bila mpigakura yeyote kuikana TANU. Kumwangusha mtu bila kukiangusha chama lilikuwa jambo la kawaida. Vyama vingi vilipokuja, kumwangusha mtu kukaanza kuhesabiwa kuwa ni kuangusha chama, lakini mkono unaotia alama ulikuwa uleule.

Karani wa Zamani

Naomba niongeze jambo dogo la kiutendaji, kwa kuwa nimewahi kufanya kazi za uchaguzi vituoni, ingawa si Vunjo pekee.

Tunazungumza kana kwamba mbunge huangushwa siku ya kura. Katika CCM, mara nyingi huangushwa kwenye kura za maoni, yaani kura za ndani ya chama za kumpata mgombea, miezi miwili au mitatu kabla. Watia nia hujaa kwenye viti vya ukumbi, kila mmoja akipewa dakika chache za kujieleza, na wajumbe huamua. Katika jimbo kama Vunjo, ambalo wenye elimu na fedha waliotoka kwao wametawanyika Dar es Salaam, Arusha na nje ya nchi, foleni ya watia nia huwa ndefu kuliko mahali pengi. Wengi wao huonekana kijijini mara moja kwa mwaka, Desemba, wanapokuja kula Krismasi nyumbani, na ile Desemba inayotangulia mwaka wa uchaguzi hugeuka kampeni isiyo rasmi. Michango ya kanisa hupanda ghafla. Mbege, pombe yetu ya ndizi, hainunuliwi kwa kibuyu bali kwa pipa. Kulikuwa na kipindi ambacho sheria iliita jambo hilo takrima na kuliruhusu, hadi Mahakama Kuu ilipoifuta takrima mwaka 2006. Jina ndilo lililofutika. Nilichokiona mimi ni kwamba wanywaji walikunywa pipa la mtu huyu na kumpigia kura yule.

Hesabu za Himo

Karani amesema kweli tupu. Ila mwanzisha uzi bado hajatuambia kuhusu 2020 na 2025.

Mfereji wa Juu

Nitasema kwa uangalifu, kwa sababu hapo ndipo nyuzi nyingi hufungwa.

Mwaka 2020 CCM ilichukua majimbo yote tisa ya mkoa wa Kilimanjaro. Miaka mitano kabla yake ilikuwa imepata mawili tu, Mwanga na Same Magharibi. Kitaifa Magufuli alitangazwa mshindi kwa asilimia 84, na vyama vikuu vya upinzani viliyakataa matokeo. Dkt. Kimei ni mtu wa kwao, aliyeiongoza benki ya CRDB kwa miaka mingi, na hata katika uchaguzi wa kawaida angekuwa mgombea mzito. UKAWA ilikuwa imeshakufa, na wale walioachiana majimbo mwaka 2015 sasa walikuwa wakishindana wao kwa wao. Hayo yote yangetosha kueleza kwa nini Mbatia alishindwa. Lakini mkoa kuhama kutoka majimbo mawili hadi tisa kwa mara moja, Hai ya Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, ikiwa ndani yake, ni jambo ambalo sitaliweka kwenye jedwali moja na 2000 au 2010 na kuliita tabia ya wapigakura wa Vunjo. Uchaguzi wa 2010 naujua kwa karatasi zilizobandikwa ukutani kituo kwa kituo, na mawakala wa vyama wakiwa na nakala zao mkononi. Mwaka 2020 malalamiko makubwa ya upinzani yalihusu mawakala kuzuiwa kuingia vituoni.

Ama 2025, ndiyo mara ya kwanza tangu 1995 kwa chama kilichokuwa na kiti cha Vunjo kubaki nacho. Mwenye takwimu atasema laana imevunjika. Lakini CHADEMA haikuwa kwenye karatasi, kwa kuwa Tume ya Uchaguzi iliiondoa baada ya kutosaini kanuni za maadili, na Mrema alikuwa ameshafariki, Agosti 2022. Mbatia alikuwa ameshaondolewa kwenye uenyekiti wa NCCR-Mageuzi. Hata hivyo tazameni kilichotokea ndani ya CCM yenyewe: jina lililosimama lilikuwa la Enock Koola, si la Dkt. Kimei. Chama kilibaki na kiti, mbunge hakurudi.

Mtu wa Tambarare

Nimesubiri kurasa zote hizi nione kama kuna atakayetaja Kahe zaidi ya kuisema kuwa ni mahali jimbo linapoishia. Hayupo.

Mheshimiwa mwanzisha uzi, umejiita Mfereji wa Juu na jina limekufaa. Umetueleza kihamba, kahawa, misheni na mangi. Huku kwetu hakuna kihamba wala kahawa. Kuna mpunga, mahindi, mifugo na maji yanayotoka kwenu. Mkifungulia sana tunazama, mkifunga tunakauka. Wabunge wote uliowataja ni watu wa migombani, na sisi tumewapigia kura wote. Wao hushuka wiki ya mwisho ya kampeni, jua likiwa kali, wakiwa wamevaa kofia, wanaahidi banio la maji na kupanda tena. Kwetu hatukuwahi kumfuata mtu wala chama. Tuliwahi kumpigia kura mgombea mmoja kwa sababu gari lake lilikwama kwenye tope la Kahe na akalala hapa usiku mmoja, akaona mwenyewe. Sitamtaja.

Mfereji wa Juu

Umenishika pabaya, mkuu, na sina utetezi. Kituo nilichokuwa wakala kilikuwa Mamba, ndugu zangu wote wako juu, na nilipokuwa nikisema "Vunjo" kichwani mwangu nilikuwa nikiona ukungu na migomba. Hoja yangu ya kumfuata mtu imejengwa kwa ushahidi wa kata za juu. Je, kura za tambarare ziliwahi kuamua mshindi? Mwaka wowote ambao kura za upinzani huku juu ziligawanyika, jibu linaweza kuwa ndiyo, na 2005 ndio mwaka ninaoushuku kwanza.

Naomba mwenye nakala za matokeo ya ubunge ya kata za tambarare, Kahe na Makuyuni, hasa ya 2005 na 2010, aziweke hapa kata kwa kata, hata kama ni picha ya karatasi iliyokunjamana. Nami nitapandisha nakala zangu za Mamba za mwaka 2000, ikiwemo ile yenye idadi ya kura zilizoharibika, na LYATONGA ni mojawapo.